Mavyaa Nyuma ya Pazia

Simiyu alikuwa amesimama juu ya kiti, pini mdomoni, kitambaa cha njano chenye maua ya alizeti kimemfunika kichwa mpaka mabegani, Respicius alipoingia bila hodi na kuangua kicheko.

"Bwana wee, ndoa ni lini?"

Respicius alikuwa Mhaya wa Bukoba, dereva wa teksi katika mji jirani wa Alexandria, na jioni hiyo ndiye aliyekuwa wa kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Simiyu alitema pini kiganjani akaeleza tena, kwa mara ya tatu wiki ile, kwamba kwao Kimilili mtu na mavyaa wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Sasa mama mzazi wa mkewe alikuwa anakuja kulala miezi mitatu hapa ughaibuni, Greenbelt, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo jiko lake halikuwa na mlango wala ukuta, ila kaunta fupi ya kulitenga na sebule. Kichaka angekitoa wapi?

"Basi kichaka ndicho hiki," Respicius alisema, akipapasa kitambaa.

"Ndicho."

Wazo lilikuwa la Naliaka, mkewe. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, presha imempanda, na daktari alikuwa amemwamuru asitoke kitandani mpaka ajifungue. Simiyu alishinda kazini, akiegesha magari ya wageni hotelini. Bila mama yake, nani angempikia, nani angemtazama? Kule kliniki Naliaka alikuwa ameona gazeti lenye picha za jiko lililopambwa kwa kiangazi: pazia la njano, bakuli la ndimu mezani, viti vilivyopakwa rangi ya majani mabichi.

"Tundika pazia hapo katikati," alimwambia mumewe. "Mwenye nyumba akiuliza, ni decoration ya summer. Mama akiuliza, ni heshima."

"Na mimi nikijiuliza?"

"Wewe tundika."

Akatundika. Akapaka viti rangi, akapanga ndimu, akazipanga upya, mtu ambaye hapo awali hakujali kama meza ina kitambaa au haina. Hayo yote aliyafanya kwa hofu. Huko Columbia, mji mwingine wa karibu, mama alikuwa na mpwa wake mwenye nyumba ya vyumba vitano, naye alikuwa amesema waziwazi kwamba shangazi akiona adabu imevunjika, apige simu tu, atafuatwa saa hiyo hiyo. Aibu Simiyu angeivumilia. Kumwacha Naliaka peke yake na presha ile hakungevumilika.

Mgeni alipofika, Simiyu alijifungia bafuni mpaka Respicius alipomaliza kuingiza mizigo. Alichokipata kwa mavyaa wake usiku ule ni sauti tu, nzito, isiyo na haraka, ikimsalimu Naliaka chumbani. Kesho yake, Jumamosi, alikaa sebuleni ameligeuzia pazia mgongo, akisikia sufuria zikigongana upande wa pili. Harufu ya kitunguu ikapanda. Kisha moshi. Kisha king'ora cha moshi kikaanza kulia darini, kelele ya kupasua masikio.

"Nini hiyo?" Naliaka alipiga ukelele kutoka chumbani. "Mama! Nakuja!"

"Usiinuke!" Simiyu alimkemea. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine wa kutumwa.

Akaingia jikoni kinyumenyume, macho darini, akajigonga kwenye friji. Kwa pembe ya jicho aliona leso imevutwa juu ya kichwa, na mama wa watu amesimama konani, ameukabili ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Simiyu alivuta kiti, akapanda, akang'oa betri. Kimya kikarudi, vitunguu tu ndivyo vilivyoendelea kuchachatika. Alipokuwa akitoka kwa haraka, kiwiko chake kiligusa bega la mavyaa wake.

Alirudi kuketi. Simu ilikuwa ukutani, upande ule ule wa jikoni. Alisikia nyayo zikiielekea. Zikasimama. Akafumba macho, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkewe.

Mlango wa friji ukafunguliwa.

"Wewe friji," ile sauti nzito ilisema, "leo umeniona mimi? Hukuniona. Kuna aliyekuwa na kazi ya kuzima kelele, na kuna aliyekuwa na kazi ya kutazama ukuta. Kila mmoja amefanya yake."

Simiyu hakuwahi kufundishwa namna ya kujibu kwa niaba ya friji.

"Friji haikuona mtu," alisema hatimaye, akiitazama televisheni.

"Vizuri. Sasa umwambie aliyetundika pazia hili kwamba maua yake yote yameangalia chini. Nani ameona alizeti inayotafuta jua sakafuni?"

Simiyu aligeuka akatazama. Kweli tupu. Tangu jana alikuwa ameyapita maua yale yakining'inia vichwa chini asione kitu. Huko chumbani Naliaka alianza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha kicheko cha wazi ambacho Simiyu hakuwa amekisikia tangu mwezi wa nne. Mwili wa Simiyu ukalegea wote, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima. Akacheka naye, machozi yakimtoka, wala hakujali nani anasikia.

"Litageuzwa," aliiambia friji alipoweza.

"Aniletee sindano na uzi, nitaligeuza mwenyewe. Na hili pindo limeshonwa ovyo. Kama nitakaa nalo mpaka mtoto aote meno, ni lazima lishonwe upya."

Simiyu alitafuta sindano nyumba nzima. Alipoipata kwenye mkoba wa Naliaka, aliitia uzi mweupe, akaipitisha chini ya pazia, akaiweka ukingoni mwa kaunta. Vidole vyenye harufu ya kitunguu vikaichukua.