Matundu Manne ya Baoshan

Hospitalini Changsha, China, mtu akipasuliwa, daktari hutoka mlangoni na sinia kuwaonyesha ndugu kilichotolewa. Luo Yuzhen aliwaona wenzake wakiitwa mmoja mmoja, wakiinama, wakitazama, wakishusha pumzi. Alipoitwa yeye, daktari alitoka mikono mitupu.

Alimweleza taratibu. Uvimbe kwenye kongosho la mumewe walikusudia kuutoa kwa matundu madogo, lakini kamera ilipoingia tu wakakuta umesambaa hadi kwenye ini. Yuzhen akauliza, je, wakimpasua tumbo lote? Daktari akasema njia hazina tofauti tena, kwa matundu au kwa kisu hakuna cha kutoa. Walikuwa wameshamshona. Yuzhen akamsihi asimwambie mgonjwa, na daktari wala hakushangaa. Pale Changsha habari mbaya hubebeshwa familia, mgonjwa akabebeshwa uji wa mchele.

Basi mumewe Baoshan, kinyozi mwenye mdomo wake, alipozinduka na kuona plasta nne ndogo tumboni, alijiona bwana. Kitanda cha pili alilala mzee Tang, aliyeugua uvimbe kama huo huo, ila yeye alipasuliwa kuanzia chini ya kifua hadi kupita kitovu. Hata kukohoa alikuwa hawezi bila kukumbatia mto.

"Mzee Tang, wewe wamekufumua kama gunia la mchele," Baoshan alimtania. "Mimi wamenitoboa tu kama mkanda."

"Wewe cheka. Changu kimetoka, mke wangu alikiona kwenye sinia."

"Na changu mke wangu alikiona. Si ndiyo, mama Qin?"

Yuzhen alisema ndiyo. Akaulizwa kilikuwa kikubwa kiasi gani, akakunja ngumi akaionyesha. Mke wa Tang, ambaye siku ya upasuaji alikaa naye benchi moja wakisubiri, aligeuza uso akaanza kukunja taulo lililokwisha kukunjwa.

Siku zilizofuata Baoshan aliranda kwenye korido, akiwafunulia manesi matundu yake, huku Tang akikokotwa hatua mbili tatu na kurudishwa. Wageni wakamsifu Yuzhen kwa bahati ya mumewe. Alimchukia Baoshan kwa furaha ile, kisha akajichukia mwenyewe zaidi.

Asubuhi moja Tang alipelekwa kutolewa nyuzi, wakabaki wawili. Baoshan hakutania.

"Mama Qin, daktari alisema operesheni ya matundu huchukua muda mrefu kuliko ya kupasua. Kutwa nzima, alisema."

"Mikono yao myepesi."

"Nilirudi kitandani watu hawajagawiwa chakula cha mchana."

Ndipo Yuzhen alipoelewa. Kumbe mwanamume huyu alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakikutolewa kitu, na utani wote ule alikuwa akijitania mwenyewe.

"Nenda kamwambie anipasue," Baoshan akasema. "Kama Tang. Hata mara mbili ya Tang. Sitalia."

Akaenda. Alisimama mbele ya mlango wa daktari, asibishe hodi, maana jibu alikuwa nalo. Alitamani afe yeye kwanza. Hatimaye akajifuta uso, akarudi.

Alimkuta mumewe amefungua vifungo vyote vya shati, tumbo wazi, amejinyoosha chali. Alikuwa akijipitishia kidole polepole kutoka kifuani kwenda chini.

"Waanzie hapa," alisema, "washuke mpaka hapa. Amekubali?"