Unga wa Gome la Kinkina

Mwaka ule mji wa Likasi, huko Katanga, ulipowafukuza Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, na kuwalaza stesheni kama magunia, hospitali haikuwa na kidonge hata kimoja cha malaria. Gome la mti wa kinkina, linalotoa kwinini, linavunwa nchini kwetu, kule Kivu. Tunaliuza Ulaya, kisha tunapiga magoti kuomba kidonge.

Symphorien, fundi wa maabara ya madini iliyofungwa, mkewe Henriette alikuwa anaungua kwa homa. Mama mkwe wake, Clémentine, alitwanga gome la kinkina kwenye kinu na kumpa bintiye kijiko kikubwa asubuhi, kingine jioni, kama alivyowatibu watoto wake wote. Homa haikushuka.

"Mama, unga yako iko mawe-mawe," Symphorien alisema. "Dawa inapita tu, inatoka, haiingie mu damu."

"Weye ulisomea kutwanga?"

"Miye nilisaga mawe miaka yote. Jiwe kama haisagike muzuri, cuivre, ile shaba, inabakia ndani. Na Injinia Damas wa maabara, mbele bamufukuze na Bakasai wenzake, alinielezea: ku Ulaya banatengeneza dawa ya miti mu punje zenye macho haiwezi kuona, banaita nanoparticules. Mwili inazikunywa zote."

"Basi usage. Ukiniharibia mutoto, utanijibu."

Mlinzi wa maabara alimfungulia. Naye alikuwa na wagonjwa nyumbani. Symphorien akaosha pipa la mipira ya chuma, lile la kusagia mawe, mpaka maji yakatoka meupe, akatia gome, akaliacha lizunguke. Si zile punje za Ulaya, lakini unga ulitoka mwepesi, ukipeperuka kwa pumzi. Kinu kilikuwa hakijawahi kuzaa unga wa namna hiyo.

Clémentine akachota kijiko chake kilekile, kimejaa pomoni, akaukoroga katika uji. Jioni akarudia. Henriette alimeza vyote, na Symphorien akajisifu kimoyomoyo.

Asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Clémentine akapiga vigelegele, majirani wakajazana mlangoni wakiimba. Henriette akafumbua macho, akatazama midomo yao.

"Mbona munanyamaza?" aliuliza kwa sauti kubwa mno. "Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Symphorien akapiga makofi kando ya sikio la mkewe. Hakugeuka. Akagonga sufuria kwa mwiko. Hakugeuka.

Ndipo Symphorien akaelewa: kwinini iliyozidi ndiyo iliyomziba mkewe masikio. Miaka yote tumbo la mgonjwa lilikuwa likichukua sehemu ndogo tu ya dawa ya kinu na kuitupa iliyobaki. Mashine ilikuwa imeitoa yote, na wao wawili hawakufikiri kupunguza kijiko. Kiwandani, kusaga zaidi kulikuwa faida tupu. Nani angewaza kwamba mwilini faida hiyohiyo ni sumu?

"Atasikia tena?" Clémentine alinong'ona.

"Sijue, Mama."

Henriette akamvuta mumewe, akamwekea kiganja kooni.

"Sema," akamwambia.

Symphorien akasema jina la mkewe, mara na mara. Kiganja kilibaki pale kikihisi mtetemo wa sauti, na Henriette akatikisa kichwa kukataa: hakusikia.