Mtu wa Levo Moja

Shemeji yangu Mwandu alitoka Migato akaja Somanda kumfuata mke wake kwangu, na mke wake hakuwa kwangu. Dada yangu Ng'washi alikuwa Sola, kwa baba. Mwandu alilijua hilo vizuri. Lakini Sola hakuthubutu kwenda, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la banda langu, akaweka fimbo katikati ya magoti, akatazama televisheni.

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya duka la vitenge la Asumini. Ilikuwa miaka ile serikali imeachia biashara, makampuni ya watu binafsi yanagombania pamba yetu, na vitu ambavyo zamani ulivisikia tu vimepangwa kando ya barabara: redio, viatu vya mitumba, sabuni za kila rangi. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilichunga, nikalima, nikabeba marobota kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, mpaka mgongo ukakataa. Kisha nikanunua televisheni, jenereta na mashine ya gemu. Watu walicheza mpira na ngumi. Asumini peke yake, akipata nafasi dukani, alicheza gemu ya safari aliyokuja nayo kutoka Mwanza ndani ya mzigo wa vitenge.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kijiji ambacho mvua yake imefungwa. Dubwana limeikalia juu ya mlima. Mtu mmoja mdogo, mwenye kanzu fupi ya bluu na fimbo, anatoka kwenda kuifungua. Njiani kuna wanyama. Ukiua mnyama unapata pointi, na pointi zikijaa, namba iliyo juu ya kichwa chako inapanda. Namba hiyo ndiyo levo. Mwenye levo kubwa ana nguvu. Mwenye levo moja hata panya anamlaza. Asumini alishafika mlimani na levo kubwa mno, akalipiga dubwana kama mtu anayefua blanketi.

Siku hiyo ya kwanza Mwandu alimtazama Asumini akiua panya wa porini, mmoja baada ya mwingine.

"Huyo panya kamkosea nini?" akauliza.

"Hajamkosea kitu, shem. Ni pointi."

"Kwa hiyo anamuua ili yeye anenepe."

"Ndiyo! Ndivyo mtu anavyoongezeka."

Mwandu akanigeukia. "Ngeleja, hiyo si ndagu?"

Benchi zima likaacha kutazama televisheni. Kwetu neno hilo halitajwi ovyo. Ndagu ni mali ya damu. Unamtoa mtu wako, mtoto au mama, na zizi lako linajaa. Na Mwandu alikuwa mtu wa mwisho kulitaja, maana ndilo lililomvunjia nyumba. Masika yaliyopita binti yake Shida alikufa kwa homa. Matanga hayajaanuliwa, ng'ombe wake mmoja akazaa mapacha, majike wote wawili. Migato ikasema: mmoja ameingia chini, wawili wametoka. Ng'washi akafunga nguo zake, akarudi kwa baba. Baba akasema kabla mvua za vuli hazijaanza, ama mke arudi kwa mumewe ama ng'ombe wa mahari warudi kwa mwenyewe, na mwenye kuamua ni Ng'washi.

Mimi sikujua niamini nini. Shida alikuwa mpwa wangu. Nilishuka kaburini kumpokea kwa mikono hii. Na Mwandu alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji. Mtu akikwambia jambo kama hilo ni rahisi kulipima, hajawahi kulipima.

"Nipe hicho kitu," Mwandu akasema, akanyoosha mkono kwenye pedi ya kuchezea. "Nitafika huko juu bila kunenepa."

Asumini akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba wee! Utamshinda dubwana kwa nini, kwa salamu?"

Basi akaanza. Alicheza mchana, wakati jua limeulaza mji, jenereta inanguruma nje na vumbi linaelea kwenye mwanga wa tundu za mabati. Alimwendesha mtu wake kama anavyopitisha ng'ombe penye simba. Alisimama kwenye nyasi akasubiri wanyama wanywe maji, washibe, walale, ndipo apite nyuma yao. Alizunguka upande ambao upepo hautapeleka harufu yake, ingawa ndani ya televisheni hakuna upepo. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Wewe umejuaje?" Akiguswa na mnyama alikimbia, na wote pale wakazomea.

"Mzee, ua huyo sungura! Sungura tu!"

"Sungura ana mama yake," alijibu.

Wakampa jina la Levo Moja. Akipita barabarani na fimbo yake walimwita, "Levo Moja, mwadila!" Naye aliitikia mwadila, salamu yetu, vizuri tu, kama vile Levo Moja ni jina lake la ubatizo.

Siku nyingine hakwenda popote. Alimkalisha mtu wake kando ya mto, akatazama nyasi zikiinama. Nyasi za mle hazikauki. Mto hauishi kama Simiyu unavyoisha, ukabaki mchanga na mashimo ya akina mama ya kuchotea maji. Nilipaswa kumwambia wengine wanasubiri zamu, lakini wale waliokuwa wanasubiri nao walikuwa wanatazama, vinywa wazi. Mara moja nilisinzia nikaota nimekaa kwenye mto ule, Shida anaosha miguu, na maji hayatoi sauti. Nilipoamka mtu wa kanzu ya bluu alikuwa bado amekaa palepale, namba moja juu ya kichwa chake kama nzi.

Wanyama wakubwa wanaoziba njia hawakwepeki. Hao Asumini alimwambia hawana pointi, unawashinda tu upite. Mwandu aliwashinda kwa ngao aliyoiokota pangoni. Ukiiinua sawasawa na pigo, pigo linamrudia mwenyewe. Ukichelewa kidogo, umelala, unaanza upya. Alilala mara nyingi kuliko mlevi. Lakini mkono wa mchungaji una subira, na mmoja mmoja walianguka kwa mapigo yao wenyewe.

"Lakini hao umewaua," nikamwambia.

"Kuua anayekuzibia njia si ndagu. Ndagu ni kuua ukanenepa."

Katikati ya safari, kwenye kisima, mtoto wa kike alijiunga naye. Hiyo imo ndani ya gemu, mtu hachagui. Ana gauni jekundu na nywele zimesimama. Maandishi yakatokea.

"Anauliza jina," Asumini akasoma. "Mwandikie jina lolote unalotaka."

Mwandu akaitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia pedi. "Pita. Asiwe na jina."

Asumini akabonyeza akapita. Tangu hapo walitembea wawili, mtu wa bluu mbele, wa gauni jekundu nyuma, wote levo moja. Walipita nyasi, walipita pango, walipita nchi ya majivu. Nikifunga banda na kurudi nyumbani niliwaona bado wanatembea, kwenye ukuta, kwenye uji, popote nilipoweka macho.

Wakafika lango la mlima, na langoni kuna mbwa wa jiwe. Hapo Mwandu akakwama.

"Huyu hakwepeki, na ana pointi," Asumini akamweleza. "Wewe nimekuonya tangu mwanzo. Akifa, aliyesimama anapewa, aliyelala hapewi. Mmoja wenu lazima ale."

"Nitamsubiri achoke. Mbwa huchoka."

"Huyu ni wa jiwe, shem!"

Akamsubiri. Mbwa hakuchoka. Mwandu alikaa mbele yake siku kwa siku, akipigwa na kurudi, akipigwa na kurudi, na mawingu ya vuli yakaanza kujikusanya upande wa Ziwa. Nikaona uso wake unakonda. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kuwa kwake hii haikuwa gemu. Alikuwa amejiapia. Kama njia ya kufika bila kula mtu ipo, basi ipo, na hata kama Migato nzima haitaiona yeye ataiona. Na kama haipo, labda ni kweli kila aliyesimama ana wa kwake chini.

Ng'washi akaja siku ya gulio. Alisimama mlangoni na furushi kichwani, mwanga nyuma yake, na kwanza sikumtambua kwa alivyopungua.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila, mayu," nikamwitikia kwa heshima ya mama. "Karibu. Baba hajambo?"

"Hajambo. Kasema mvua iko karibu." Akatua furushi. Akamwona mumewe. "Kumbe ndiyo kazi unayofanya. Nimeambiwa njiani, mumeo kawa mtoto, nikasema hapana. Kumbe ndiyo."

Mwandu hakugeuka. Nadhani aliogopa kugeuka. "Kaa," akasema.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kumwambia kaka neno langu alipeleke Migato."

"Kaa, mama," Asumini akamwambia, akampisha kwenye benchi. "Mwache kwanza afe. Huwa anakufa haraka."

Watu wakacheka. Ng'washi akakaa, si karibu. Mwandu akaingia kwa mbwa wa jiwe kama kawaida, nadhani kwa sababu mikono yake haikujua pengine pa kwenda. Mbwa akauma. Ngao ikarudisha. Mbwa akauma. Ngao ilikuwa moja tu kwa watu wawili, na kuna kitufe cha kuihamisha. Aliye nayo amekingwa, asiye nayo yuko wazi. Siku zote Mwandu aliirusha huku na huku mpaka wote wawili wakaishiwa wakaanguka pamoja. Lakini siku hiyo alikuwa anacheza vizuri, au vibaya, sijui. Mbwa alibakiwa na uhai kidogo kama unywele. Na wao vilevile.

"Pigo la mwisho hilo!" Asumini akapiga kelele. "Linakuja kwa wote! Ngao, ngao!"

Ngao ilikuwa kwa mtu wa bluu. Mbwa akafumbua kinywa. Kama Mwandu angeacha kidole chake kilipo, mtoto angelala, mbwa angekufa, na yeye angepanda. Kidole kikasogea. Sikukiona kikisogea, niliona tu ngao imeshakuwa kwa mtoto. Mtu wa bluu akaanguka chali. Mbwa akapasuka, vipande vikaelea polepole kama pamba inayotoka kwenye mashine, na katikati yake amesimama mtoto wa gauni jekundu peke yake. Namba juu ya kichwa chake ikageuka ikawa mbili.

Watu wa benchi wakainama mbele.

"Haya, basi," Asumini akasema kwa upole. "Mmoja kaongezeka."

"Aongezeke," Mwandu akasema. "Watoto ndio kazi yao."

Akaweka pedi chini, akafuta viganja kwenye suruali. Ng'washi alikuwa akimtazama, si televisheni.

"Huyo mtoto anaitwa nani?" akauliza.

"Haitwi. Waliniambia nimpe jina. Sikuweza."

Ng'washi akaifunika midomo kwa ncha ya kanga. Mtu wa bluu aliinuka langoni, kama wanavyoinuka mle baada ya vita, mchovu, na levo yake moja. Akasimama anangoja.

"Baba Shida," Ng'washi akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi. "Si uliniambia nikae? Nimekaa. Maliza."

Akamaliza. Mlimani juu dubwana lilikuwa kubwa kuliko kioo cha televisheni, ulionekana mguu tu na giza. Lilipiga, ngao ikarudisha. Lilipiga tena. Likadumu hivyo mpaka kivuli cha mlango kikafika kwenye miguu yetu, na hakuna aliyeomba zamu. Lilipoanguka halikupiga kelele, wala halikutoa pointi. Lilikaa chini kama mtu aliyekumbuka kitu, likawa ukungu, na mvua ikashuka juu ya kile kijiji, juu ya nyasi, juu ya wale wawili waliosimama. Watu wa mlangoni wakanyoosha mikono nje kuangalia kama inanyesha. Kisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Hao ni nani?" Mwandu akauliza.

"Walioitengeneza," Asumini akajibu.

"Wengi hivyo?" Akavua kofia.

Asubuhi yake waliondoka kwenda Migato, yeye mbele na fimbo, dada yangu nyuma na furushi. Nilimsogeza Ng'washi pembeni kabla hawajaanza safari. Nilimwambia bila kuzunguka: gemu haimsafishi mtu, televisheni haioneshi ndagu.

"Najua, kaka. Lakini mdomo hupata muda wa kupanga. Vidole vyake havikupata muda."

"Baba ataniuliza umeona nini."

"Mwambie nimemwona akilala."

Nikapanda baiskeli mpaka Sola. Njia nzima nilipanga maneno, na kila nilivyoyapanga yalizidi kuwa ya kijinga. Baba nilimkuta anasokota kamba mbele ya nyumba.

"Ng'washi yuko wapi?"

"Ameenda kwake, baba."

"Kaona nini?"

"Amemwona mumewe akilala chini ili mtoto asimame."

"Chini wapi?"

"Kwenye televisheni."

Baba akasokota, akasokota. "Mtoto wa nani?"

"Si wa mtu. Wa mle ndani. Hana hata jina."

"Si wake?"

"Si wake."

"Na akalala kwa ajili yake."

"Akalala kwa ajili yake, baba."

Akafunga ncha ya kamba kwenye kidole cha mguu, akaivuta kwa nguvu zote kuona kama itakatika. Haikukatika.

"Haya," akasema. "Ng'ombe wenyewe wa mahari wana mimba. Nilikuwa naona tabu kuwasafirisha."