Mnunuzi wa Jina la Dagaa

Simu ilipoita, Révérienne alikuwa ameinama juu ya chanja, akigeuza dagaa wa Bi Yunisi, mama aliyempangisha chumba kule Ujiji. Namba hakuijua. Akafuta mikono kwenye kitenge, akapokea.

"Amahoro, Révérienne," ilisema sauti ya mwanamume kwa Kirundi. "Wewe si binti wa Ntakarutimana?" Akautaja na mlima, yaani kijiji, alikozaliwa.

Tangu avuke mpaka na kaka yake mwaka ule wa 2015, wakapitia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, na umati wa wakimbizi, hakuwa amemtajia mtu wa mji huu mlima wao.

"Unataka nini, Mzee?"

"Usiogope, dada. Nataka kununua jina lako la tovuti, lile la dagaa. Kesho nitakuwa Kigoma. Nije hapo nyuma ya kanisa, nyumba ya Bi Yunisi?"

"Nani amekuambia nakaa hapa?"

"Umeandika mwenyewe." Akacheka kidogo. "Na kaka yako, hajambo?"

Révérienne akakata simu. Ndani, nyuma ya pazia, kaka yake Ndayiragije alikuwa akikohoa. Nyumbani Burundi aliona jambo ambalo waliolitenda hawakutaka lionwe, na tangu wafike alikuwa hatoki mchana hata kwenda kununua chumvi.

Jioni ile hakusubiri darasa lianze. Alimkuta Mwalimu Gervasi akifungua madirisha ya ukumbi wa parokia, mahali alipofundisha watu wazima kompyuta. Huyu ndiye aliyewaingiza katika biashara ya majina ya tovuti: kuyasajili, kisha kuyauza baadaye. Aliwaambia jina la tovuti ni kama kiwanja: unalichukua mapema, mji unakuja kukukuta.

"Chagua jina fupi," aliwausia siku zile, "ambalo bibi yako akilisikia redioni atalikumbuka. Usiguse jina la kampuni ya watu, utashtakiwa. Anza na moja, usirundike. Na kila mwaka ulilipie, likikuponyoka mwenzako atalidaka."

"Mwalimu, nikichukua jina la mume wa mtu?" mwanafunzi mwenzao Rozalia aliuliza, darasa zima likaangua kicheko.

Révérienne alikuwa amechagua jina la dagaa wa Kigoma. Siku ya kulisajili, wenzake walijaza fomu nusu nusu, mmoja akaandika mtaa wa shemeji yake. Yeye alifumba macho kwanza, akamwomba Mungu kazi hii iwe safi, kisha akaandika kama walivyofundishwa kwao kujitambulisha: jina lake, baba yake, mlima wake. Kwao, mtu asiyetaja baba na mlima anaonekana ana jambo analolikimbia. Akaongeza namba ya simu na mahali anapokaa: nyuma ya kanisa, kwa Bi Yunisi.

Sasa Gervasi aliliandika jina lile kwenye kompyuta, akabonyeza. Yote yakatokea, neno kwa neno.

"Nani anaweza kuona haya?"

"Yeyote duniani, dada."

"Mbona hukutuambia?"

Gervasi alikaa chini. "Sikuwaza. Mimi nina nini cha kuficha? Iko huduma ya kufunika habari za mwenye jina. Hilo lilipaswa kuwa somo la kwanza, kabla hata ya kuchagua jina." Akaiweka hapo hapo. "Lakini aliyekwisha kusoma, amesoma."

Alfajiri Bi Yunisi alimtoa Ndayiragije kwa mlango wa uani, akampandisha gari la mkwewe aliyepeleka chumvi Kasulu. Kutoka huko angetafuta njia ya kwenda kambi ya wakimbizi. "Na wewe twende," kaka mtu alisema. Révérienne akakataa. Yule mtu akikuta chumba kitupu, atajua wamekimbilia kambini, atawafuata huko.

Kwa hiyo simu ilipoita tena, alimwambia mnunuzi waonane Kibirizi, mwaloni, saa za kushusha samaki, watu wakiwa wengi.

Alikuja amevaa viatu vyeusi vya kung'aa, akikwepa maji ya samaki. Wachukuzi wakamtania, "Bosi, vua viatu, dagaa hawaumi!" Hakucheka. Juu ya jina la tovuti aliuliza kama bado analo, basi. Kisha akasogea karibu.

"Ndayiragije yuko wapi?"

Révérienne alikuwa ameomba usiku kucha apewe maneno, na hakupewa. Yaliyomtoka yalimtisha hata yeye.

"Alifia Kagunga. Kipindupindu."

"Pole." Macho ya mtu yule hayakuhama usoni pake. "Alizikwa wapi?"

"Walizikwa wengi. Sikuruhusiwa kusogea."

"Nani mwingine alimwona akifa?"

"Waliomwona, nao walikufa."

Mtu yule akatoa simu, akampiga picha bila kumwomba ruhusa, akairudisha mfukoni.

"Basi jina la dagaa kaa nalo," alisema. "Sina haja nalo tena."

Akaondoka, si kuelekea barabarani. Alikwenda kwenye mitumbwi ya injini, akamshika bega nahodha mmoja. Révérienne alilisikia wazi neno alilouliza: Kagunga, na kama wanaondoka leo.

Révérienne akakaa juu ya gunia la mtu, wala mwenye gunia hakumfukuza. Kule Kagunga walikuwepo watu waliompa Ndayiragije uji kwa mkono wao, wakamsindikiza mpaka kwenye meli akiwa mzima; mtu yule akiwauliza, uongo wake ungefichuka. Mtumbwi ulisukumwa majini. Révérienne akaitoa simu, akatafuta namba ya mkwe wa Bi Yunisi, akaanza kusali kwa sauti huku ikiita, "Ee Mungu, wasishuke Kasulu, wapite moja kwa moja, mbali na kambi." Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena.