Ubatizo wa Kornelio

Mama alipofariki mwaka jana, watu wengi walikuja na sifa zake. Mimi nimebaki na siku moja, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Naiandika isije ikanipotea.

Ilikuwa Keko, mwaka 1953, nami nimerudi likizo kutoka shule ya masista. Mama yangu, Avelina, Mnyamwezi wa Tabora, ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare kanisani kwetu. Hakulipwa, na hakutaka kulipwa; ilikuwa heshima yake. Kisha kitambaa kimoja kikapotea, na jirani yetu Rosalia akasema mbele ya watu, baada ya Misa, kwamba Avelina amekikata akamshonea binti yake gauni. Kazi akapewa mwingine.

Tangu hapo, tukisali Baba Yetu jioni, mama alifika kwenye mkate wetu wa kila siku, akaruka moja kwa moja hadi kwenye kishawishi. Maneno ya kuwasamehe waliotukosea hakuyagusa.

“Nikiyasema nitakuwa namdanganya Mungu,” aliniambia. “Moyoni hayamo.”

Bi Somoe, mkunga wa mtaa, Mzaramo na mtani wa mama, aliyasikia yote kupitia ukuta wa udongo. “Nyie Wanyamwezi hodari,” alimtania. “Hata sala mnaipunja!”

“Nenda zako kaswali, Mzaramo wewe. Mdomo mrefu kuliko reli ya Tabora!”

Asubuhi moja Bi Somoe alikuja mbio, mikono imelowa. Rosalia amejifungua, na mtoto halii. “Mama yake anataka abatizwe kabla hajaondoka. Padre wenu kaenda Pugu. Mie Mwislamu, ubatizo siujui. Mkristo wa karibu ni wewe.”

Mama alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. Nilijua anachowaza. Kisha akautua chini.

“Mtoto hajanisema kwa mtu,” alisema, akavuta kanga yake.

Tulipoingia, Rosalia aligeuza uso ukutani. Mama akachota maji mtungini, akammiminia kichwani mtoto aliyefungwa kanga gubigubi. “Kornelio, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.”

Maji ya mtungini ni ya baridi. Mtoto alishtuka, akapiga chafya, kisha akalia kwa hasira mpaka kuku wakakimbia uani.

Bi Somoe akamfungua kumtazama, akacheka hadi akakaa chini. “Mtani, uliuliza kwanza? Kornelio gani huyu? Wa kike!”

Mama akajishika mdomo. “Yesu wangu! Padre nitamwambia nini?”

Rosalia naye akacheka, huku ameshika tumbo, akimsihi Bi Somoe anyamaze kwani anaumia.

Vicheko vilipotulia, mama akasema tumshukuru Mungu, akaanza Baba Yetu. Rosalia akafuatisha. Walipofika kwenye mkate, mama akasita. Rosalia naye akasita. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameomba radhi, na kitambaa kilikuwa hakijaonekana. Mtoto alikuwa akilia. Mama angeweza kuruka na asisikike.

“Utusamehe makosa yetu,” alisema polepole, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina, “kama nasi tunavyowasamehe waliotukosea.”

Rosalia hakuweza kuimaliza sala. “Mama Auleria,” alisema, akimwita kwa jina langu, “mie sikuona kitu. Ni wivu tu. Jumapili nitasimama palepale niliposimama, niwaambie watu.”

“Utasimama ukiweza kusimama. Kwanza mnyonyeshe huyu Kornelio wako, anatutukana.”

Tukirudi nilimuuliza kama kweli amemsamehe.

“Nimeanza,” alisema. “Bado pananiuma, lakini Mungu kanisikia nikisema, na jioni nitasema tena. Haya, koka moto. Uji wa mzazi haujipiki.”