Bibi Freha Hajui Kitu

Katika ukoo wa Bibi Freha, mtoto huzaliwa kwanza, watu wakaambiwa baadaye. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Alipomzaa Jaklin, binti yake wa kwanza, walikuwa bado wanaishi kwenye kambi ya mahema ya Wayahudi waliohamia Israeli kutoka Moroko, na kambi nzima ilijua. Wanawake walijipanga nje ya hema wakiulizana, "Bado? Bado?" na Bibi Freha aliapa kwamba kila "bado" ilimrudisha mtoto juu. Tangu hapo akaweka sheria: kila anayejua kwamba uchungu umeanza, anauongeza. Kwa hiyo asiambiwe mtu.

Sheria ikashika. Mume wake mwenyewe alitoka asubuhi kwenda kazini bandarini, akarudi jioni akakuta mtoto wa kiume na supu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Wako. Nawa mikono."

Lakini sheria hiyo ilikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe ni Bibi Freha. Yeye alijua siku zote. Hakuna binti wala mkaza mwana wake aliyejifungua pale mjini Ashdod bila kiganja cha Bibi Freha kumsugua mgongoni. Akiulizwa, husema, "Mimi sihesabiwi."

Mpaka Liraz, mtoto wa Jaklin, alipopata mimba yake ya kwanza. Alikuja akaketi jikoni, akamaliza zeituni zote bakulini, kisha akasema:

"Bibi, sheria ni sheria. Safari hii hata wewe hutajua."

"Mimi? Kwani mimi ni mtu?"

"Wewe ni watu kumi, Bibi. Nikikwambia wewe, nimetangaza redioni."

Bibi Freha alinuna. Akapika amenuna, akala amenuna. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Ila kila alipokitazama kile kiganja chake, alikiona kama kimestaafishwa bila hata kuagwa.

Basi Pasaka ya Wayahudi ikaisha, ukaingia usiku wa Mimuna, sherehe ya watu wa Moroko ya kuiaga. Usiku huo mtaa mzima huacha milango wazi. Mtu anaingia kwa mwenzake bila hodi, anakula, anabusu mashavu yote yaliyo karibu, anatoka anaingia nyumba ya pili. Kama kuna usiku mbaya wa kuficha jambo, ni huo.

Bibi Freha, ndani ya kanzu yake ya nyuzi za dhahabu, alikuwa jikoni akipika mufleta, zile chapati nyembamba kama leso. Anaweka moja, anageuza, anaweka nyingine juu yake, anageuza zote pamoja, mpaka rundo linasimama lenyewe. Liraz alikaa mezani akizipaka siagi na asali.

Mara kisu kikasimama. Liraz akashika ukingo wa meza, akapuliza taratibu kama mtu anayepoza chai. Halafu akaendelea kupaka.

Bibi Freha akageuza mufleta. Hajaona kitu.

Kisu kikasimama tena. Asaf, mume wa Liraz, akaingia na funguo za gari mkononi, jasho linamchuruzika utadhani anayezaa ni yeye.

"Tunaenda kununua mnanaa wa chai," akasema, na wala hakuna aliyemuuliza.

Simi, jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke asiyepitwa na jambo, akaangua kicheko. "Mnanaa? Asaf, mwanangu, huoni? Hapo mezani pana shamba zima!"

Liraz akamtazama bibi yake. Bibi Freha alijua kwamba angesema tu, "Nisubirini nivae viatu," Liraz asingekuwa na nguvu ya kumkatalia. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Huo umenyauka," akasema. "Umenyauka kama wewe, Simi. Nataka mbichi. Nendeni, na msikimbie, barabara imejaa watu."

Wakaenda. Mgongo wa Liraz ukapotea ngazini, Bibi Freha akabaki na mwiko.

Kazi ikawa kuficha. Aliyemuulizia Liraz alijibiwa lolote lililokuja mdomoni. Jaklin aliambiwa binti yake amelala chumbani, miguu imevimba. Mjomba wa Liraz akaambiwa yuko kwa shangazi. Watoto walipotaka kuingia chumbani kuchukua makoti, Bibi Freha alihamisha jiko la gesi, akaliweka mbele ya mlango wa chumba, akapikia hapo hapo ukumbini.

"Mama, hapo ni njiani," akasema Jaklin.

"Hapa pana hewa."

Ndipo simu ikatetemeka kifuani mwake.

"Bibi."

"Nani mwenzangu?"

"Bibi, acha. Najua unajua."

"Sijui kitu mimi."

Ikasikika pumzi ile ya kupoza chai, ndefu.

"Mgongo unakatika, Bibi. Asaf anausugua kama anaosha gari. Njoo."

"Na sheria?"

"Njoo nayo! Njooni wote wawili!"

Bibi Freha akazima jiko, akachukua mtandio, akaingia sebuleni akitafuta uongo wa kumtoa mle. Haukuhitajika. Usiku ambao watu huulizana mpaka bei ya soksi, hakuna aliyeuliza. Simi alikuwa akikagua dari. Mjomba alikohoa, akakunja magoti ampishe. Mtoto mmoja alianza, "Bibi, unaenda wa..." Simi akamjaza mufleta mdomoni.

Bibi Freha akasimama katikati ya sebule. Walijua. Wote walijua tangu kwenye mnanaa, na uongo wake wote walikuwa wameumeza pamoja na asali, bila kutikisa uso, kama alivyowafundisha. Alitaka kukasirika, akajikuta anabana kicheko.

Chini, gari la Jaklin lilikuwa limeshawashwa.

"Panda, Mama."

"Unajua tunakokwenda?"

"Nitajulia wapi?" akasema Jaklin, akakanyaga mafuta.

Hospitalini walimkuta Liraz amesimama, ameshikilia kitanda. Bibi Freha hakusalimia. Akaweka kiganja mgongoni.

"Baridi!"

"Nyamaza, kitapata moto."

"Chini kidogo, Bibi."

Akashuka.

"Hapo. Hapo hapo. Usitoe."

Hakutoa.