Nusu ya Swali

Ukumbi wa somo la fedha ulikuwa mkubwa hivi kwamba wanaokaa safu ya nyuma waliapa bado wanausikia mhadhara wa wiki iliyopita. Ibtihal alifika mapema akashika kiti cha mbele, mkate wake wa maharage ya ful ungali moto mkobani. Leo Daktari Raafat angefundisha sura aliyoingoja muhula mzima: pesa na wakati.

Alikuwa na swali. Mama yake, mjane mwenye haya, hucheza upatu na majirani, na kila mara hukubali kupokea wa mwisho. Upatu ulipoanza, zamu yake ingenunua kitabu cha Daktari na viatu juu yake. Zamu ilipofika, bei zilikuwa zimepaa, pesa zikatosha nusu ya kitabu tu. Nusu ya pili akatoa Nagwan, rafiki yake. Sasa anayepokea mwisho, alikuwa akiwalipia nini wenzake bila kujua? Swali hilo Ibtihal alilifanyia mazoezi mbele ya kioo, na kiooni akajiona ameshika chaki, anafundisha yeye.

Nagwan akaja anahema, akajitupa kando yake.

"Kuponi ni moja, shoga. Tuikate katikati?"

Kuponi ilikuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu. Mwaka huu ya rangi ya machungwa, mwaka jana ya kijani. Kitabu ni kilekile. Asiyeitia sandukuni leo hana alama za muhula.

"Chukua wewe. Ukifeli tena wanakufukuza."

"Na wewe je?"

"Nitaona."

"Utaona nini, kipofu wee?" Nagwan alicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Daktari alifundisha vizuri, tumpe haki yake. Pauni aliieleza kama samaki wa sokoni: kadiri unavyochelewa kumla, ndivyo anavyooza. Ibtihal alisahau hata mkate wake.

"Maswali?"

Mkono wake ukawa wa kwanza juu.

"Kitabu chako kiko wapi, binti?"

"Tunacho kimoja, Daktari, mimi na mwenzangu."

"Basi uliza nusu ya swali."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Daktari akafunga mkoba wake, akatoka kwa mlango wake wa pembeni. Mkono wa Ibtihal ukabaki juu, mpaka Nagwan alipoushika akaushusha polepole.

Mlangoni alikaa Ami Zenhom, bawabu, na boksi la viatu lililotobolewa juu. Nagwan akaikata kuponi, akaitumbukiza bila kumtazama mwenzake.

"Na yako, mwanangu?"

Ibtihal akakifungua kitabu mwanzo. *Kwa wanangu wanafunzi. Mlango wangu u wazi, niulizeni lolote.* Chini yake, sahihi ya Daktari iliyopigwa chapa. Akauchana ukurasa huo, akaandika jina lake, namba yake, kisha swali lake, lote.

"Hii si ya machungwa," alisema Ami Zenhom.

"Ina sahihi ya Daktari mwenyewe, ami."

Mzee akasoma kwa midomo, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Akachungulia korido kulia, akachungulia kushoto, akamsogezea boksi.

"Tia upesi," akanong'ona, "mimi sijui kusoma."